Fundi anaweza, kiwanda hakitaki

Mwalimu wa TEHAMA wa sekondari moja ya kata, nje kidogo ya Dar es Salaam, alinipigia simu akiwa na furaha isiyofichika: laptopu zimefika. Zilitoka Ulaya, zimetumwa na Mtanzania mwenzetu anayefanya kazi huko. Kampuni yake ilikuwa inabadilisha mashine, yeye akaziomba zile za zamani na kulipia usafiri kwa pesa yake mwenyewe. Nilipofika nilizikuta zimepangwa juu ya madawati, safi, herufi za kibodi hazijafutika, betri nyingi bado zinashika chaji. Wanafunzi walikuwa wamejazana dirishani. Tukaziwasha moja moja, zote zikawaka. Na karibu zote zikaishia mahali pamoja: zilimkaribisha mtumiaji kwa jina la kampuni ile ya Ulaya na kumtaka aingie kwa anwani yake ya kazi na nenosiri lake.

Kwa asiyejua, kampuni nyingi siku hizi husajili namba ya kila laptopu kwenye mfumo wa usimamizi ulioko mtandaoni. Mashine inabaki chini ya amri yao hata ikiwa imeshavuka bahari. Unaweza kufuta diski yote, ukaweka Windows upya kabisa. Ikishika intaneti tu, inamkumbuka bosi wake wa zamani. Njia ya kupita pembeni ipo, nayo ni kuweka Linux, mfumo endeshi wa bure ambao hauna habari na usajili huo. Lakini baadhi ya zile mashine zilikuwa na paswadi ya BIOS, yaani kufuli la chini kabisa, linalozuia hata kuwasha kompyuta kwa kutumia flashi. Aliyeweka paswadi hiyo alishaacha kazi, na hakuna aliyeiandika popote.

Ndugu yetu aliyezituma alirudi kwa watu wa kompyuta wa kampuni yake kuwaomba waziondoe zile namba kwenye mfumo. Kuziondoa ni kazi ya kubonyeza kitufe. Kumpata mwenye ruhusa ya kubonyeza ndiko kulikochukua barua pepe baada ya barua pepe, hadi muhula ukaisha. Zile zenye paswadi ya BIOS zilipelekwa Kariakoo kwa kijana mmoja ambaye hufungua laptopu, akatafuta chipu yenye miguu minane ubavuni mwa bodi, akaibana kwa kibanio cha kusomea chipu, akaisoma kwenye kompyuta yake na kuiandika upya. Nyingine zilikubali, nyingine zikagoma. Zilizogoma ziko stoo mpaka leo, vioo vizima, kibodi nzima, prosesa nzima.

Ninaandika haya kwa sababu nimechoka kusikia kwamba vifaa vya umeme vya zamani havitumiki tena huku kwetu kwa kuwa hatuna utaalamu. Kila warsha ninayoalikwa huanza na sentensi hiyo. Mimi nimekaa kwenye meza za mafundi kwa miaka, kwanza kama mteja, baadaye kama mtu wa kuwatafutia miongozo na kuwatafsiria, na ninachokiona ni kinyume chake. Ujuzi wa kufufua upo, na upo mwingi. Kinachokosekana ni vitu ambavyo fundi hawezi kuvitengeneza mwenyewe kwa mikono yake: ruhusa, taarifa na spea. Vyote vitatu viko mikononi mwa watu ambao kile kifaa hawakihitaji tena.

Tuanze na simu, maana ndizo nyingi zaidi. Pita Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, uulize bei ya iPhone iliyotumika. Muuzaji akikwambia kwa sauti ya chini "hii ina iCloud", yaani bado imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa zamani, umeshajua kwamba unanunua spea, hununui simu. Apple waliweka kufuli hilo mwaka 2013 ili simu iliyoibwa isimfaidie mwizi, na Android nayo ikapata la kwake mwaka 2015: ukiifuta simu bila kutoa akaunti ya Google, ikiwaka inamtaka mwenye akaunti ile ile. Sina ugomvi na lengo. Wizi wa simu mjini ni balaa, na kufuli hizi zimesaidia. Shida ni kwamba kufuli haijui tofauti ya mwizi na mama mkubwa aliyeko Leicester, Uingereza, ambaye amemtumia mpwa wake simu ya zamani na kusahau kujitoa kwenye akaunti. Mama mkubwa anaweza kuifungua akiwa huko huko, kama anakumbuka paswadi. Mara nyingi hakumbuki, au akaunti aliifungua kwa namba ya simu aliyoiacha zamani. Simu nzima inaishia kutolewa kioo na betri.

Siku hizi kuna kufuli jipya, la simu za mkopo. Mtu analipa kidogo kidogo kila siku, akikwama mkopeshaji anaifunga simu kutoka mbali. Akiiuza kabla ya kumaliza deni, aliyeinunua ameuziwa mbuzi kwenye gunia: wiki mbili baadaye simu inajifunga na hana pa kulalamika. Mitambo midogo ya sola ya kulipia kwa awamu iko hivyo hivyo. Nimeona vijijini paneli nzima na taa nzima zikining'inia bila kazi kwa sababu kidhibiti chake kinasubiri namba za malipo.

Juu ya hayo kuna IMEI, namba ya utambulisho ya kila simu. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilizima simu feki usiku wa tarehe 16 Juni 2016, na kabla ya hapo wananchi walihimizwa kubonyeza *#06# na kutuma namba zao kwenda 15090 kuhakiki. Kenya walishafanya hivyo mwishoni mwa Septemba 2012, wakazima karibu simu milioni 1.9. Zoezi lilikuwa na sababu za msingi, lakini liliwaacha wanunuzi wa simu zilizotumika na woga ambao haujaisha. Mtu anataka risiti, anataka boksi, anataka namba ya kwenye boksi ilingane na ya kwenye simu. Na simu iliyofanyiwa matengenezo makubwa, ikabadilishwa bodi, hailingani tena na boksi lake. Fundi mwaminifu anajikuta anatuhumiwa kwa kazi halali aliyoifanya mchana kweupe, mbele ya mteja.

Kisha kuna kifo cha programu, ambacho kwangu ndicho kinachouma zaidi, kwa sababu kifaa hakina kidonda chochote. Novemba 2021 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android 4.0.4 kushuka chini. Mei 2025 ikaziacha iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Mtu wa Ulaya atasema si neno, atatumia njia nyingine. Huku kwetu kikundi cha VICOBA kiko WhatsApp, kamati ya harusi iko WhatsApp, matangazo ya shule ya mtoto yako WhatsApp. Simu inayopiga, inayopiga picha na kushika chaji siku nzima inakosa mnunuzi kwa sababu ya programu moja.

Na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni. Kwa Intel, ni kuanzia kizazi cha 8, kilichoingia sokoni mwaka 2017. Laptopu ya 2016, hata iwe na prosesa ya i7 na RAM ya kutosha, rasmi haikubaliwi. Hizo ndizo zitakazojaza kontena kuja Afrika miaka hii, na nyingi zitakuwa mashine nzuri sana. Ninawashauri wanaozipokea wajifunze Linux. Mwalimu wetu wa TEHAMA aliniuliza swali la haki: je, wanafunzi wakienda kuomba kazi wakakuta Word na Excel? Nilimwambia kuandika barua na kutengeneza jedwali ni kazi ile ile kwenye LibreOffice, programu za ofisi za bure, tukaziweka mashine chache kwa majaribio. Wanafunzi hawakushangaa chochote. Waliohangaika ni walimu wenzake, na nao walizoea kabla ya mitihani.

Sasa niseme kuhusu televisheni, maana hapa kuna jambo ningependa kila mtu alijaribu kabla hajaitoa TV yake bapa kwa wanunuzi wa skrepa. TV imewaka, sauti ipo, picha hakuna, kioo cheusi tii. Zima taa za sebuleni. Washa tochi ya simu, isogeze karibu kabisa na kioo, uimulike kwa upande. Ukimwona mtangazaji kama kivuli anasogea mle ndani, bodi ni nzima na kioo ni kizima. Kilichokufa ni taa za nyuma, zile zilizopangwa kwenye vipande virefu vya bati na kufuatana kwa mstari mmoja wa umeme, hivyo moja ikiungua safu nzima inazima.

Fundi wangu wa Tandika hufanya kazi hii akiwa na kijana wake. Wanailaza TV kifudifudi juu ya blanketi, wanatoa skrubu, wanafungua mgongo, wanachomoa waya za bodi. Kisha wanaigeuza na kufikia sehemu ya hatari, kunyanyua kioo chenyewe. Ni chembamba mno, na kwenye ukingo wake kuna vipande laini vya plastiki vyenye nyaya zisizoonekana kwa macho. Kimoja kikichanika, mistari inabaki kwenye picha milele. Wanakishika kwa vishikio vya mpira vya kunyonya, huyu huku na yule kule. "Vuta pumzi kwanza," fundi anamwambia kijana wake kila mara, na kijana anavuta. Kioo kikishalazwa salama, kilichobaki ni kubandua vipande vya taa vilivyokufa na kupachika vipya.

Vipya ndipo kazi inapokuwa ngumu. TV mbili zenye jina moja na inchi 32 zote, zilizonunuliwa duka moja, zinaweza kuwa na taa tofauti ndani: urefu tofauti, idadi tofauti, umeme tofauti. Kiwanda hununua taa popote zinapopatikana mwezi huo, na hakuna kitabu kinachomwambia fundi ni zipi. Anapiga picha namba iliyochapwa kwenye bati, anaituma kwenye kundi la mafundi, anasubiri mtu aliyewahi kuiona. Asipopata, anakata za TV nyingine na kuziunganisha. Na kioo chenyewe kikipasuka, hakuna tena mazungumzo, kwa sababu bei ya kioo kipya inakaribia bei ya TV mpya. Hapo TV inachinjwa: bodi ya umeme inawekwa kando, bodi kuu kando, spika kando, na kila kimoja kitafufua TV ya mtu mwingine. Kuchinja huku ndiko kunakoshikilia ufundi wote wa nchi hii, na sijawahi kuona mpango wa serikali wala wa wafadhili unaokutambua.

Wanaokutambua ni wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa namna yao. Wao wananunua kwa kilo. Mota ya friji, transfoma, waya, vyote ni kopa na chuma, na pesa inatolewa palepale mlangoni. Fundi hawezi kushindana na mtu wa mkokoteni anayelipa papo hapo kwa kitu ambacho yeye atakiuza labda baada ya mwaka. Kwa hiyo bodi nzuri zinavunjwa kwa nyundo na waya zinachomwa moto ili plastiki itoke, na moshi wake wanauvuta vijana wadogo.

Zamani vifaa vilifungwa kwa skrubu. Pasi ya bibi yangu ilikuwa na skrubu moja juu na nyingine nyuma, na ndani waya wa kupasha joto uliozungushiwa ulanga ambao babu aliununua dukani na kuubadilisha mwenyewe kwa kisu cha mezani. Pasi za sasa chuma na kipasha joto vimemiminwa pamoja. Kikiungua kimoja, vyote vimekwenda. Simu zimegundishwa, betri imebandikwa kwa gundi nzito chini ya kioo, na kuifikia ni kupasha moto kwa hewa na kuomba Mungu. Kuna hili jingine baya zaidi, la spea zilizofungishwa ndoa na bodi. Unatoa kioo halisi kwenye simu moja, unaweka kwenye nyingine ya aina ile ile, simu inakataa baadhi ya kazi kwa sababu namba ya kioo haitambuliki na kiwanda. Kwa mafundi wa nchi tajiri hiyo ni kero. Kwetu sisi, tunaoishi kwa kuchinja, ni pigo la moja kwa moja kwenye chanzo chetu cha spea.

Wenzetu wameanza kulipigania. Jimbo la Oregon huko Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024 inayokataza watengenezaji kufungisha spea kwa namna hiyo. Umoja wa Ulaya umeweka masharti kwa simu zinazouzwa kwao kuanzia tarehe 20 Juni 2025: spea muhimu zipatikane kwa miaka 7 baada ya mtindo kuacha kuuzwa, na masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5. Kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vingi vidogo ziwe za kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Haya yatatufikia, kwa kuwa simu za Ulaya za leo ndizo mtumba wetu wa kesho. Lakini sheria ya Brussels, makao ya Umoja huo, inampa spea fundi wa Brussels. Fundi wa Tandika hayumo. Sioni kwa nini Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye soko la mamia ya mamilioni ya watu, isidai sharti hilo hilo kwa kila anayetaka kutuuzia simu mpya.

Friji nimeliacha kwa makusudi hadi hapa, kwa sababu friji linanilazimisha kusema jambo ambalo wapenzi wenzangu wa kufufua hawapendi kulisikia. Si kila kitu kinastahili kufufuliwa. Friji la miaka mingi linaweza kula umeme mwingi kuliko jipya la ukubwa ule ule, na anayelipia ni mwenye nyumba, kila anaponunua tokeni za LUKU. Mwaka 2013 Ghana walianza kutekeleza marufuku ya kuingiza friji zilizotumika, sababu kubwa ikiwa umeme na gesi, na ninadhani walikuwa sahihi.

Gesi yenyewe ni somo. Tazama kibandiko kwenye mota nyuma ya friji. Ukiona R12, hilo ni la enzi za gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, zilizoanza kubanwa na Mkataba wa Montreal wa 1987. R134a ilikuja baada yake, haiumizi ozoni ila inachangia sana joto la dunia. Mengi ya sasa yana R600a, gesi safi zaidi lakini inayoshika moto, na inawekwa kidogo sana, mara nyingi gramu hamsini hivi au zaidi kidogo. Gramu hamsini unazipima kwa mizani. Mafundi wengi wa mitaani hawana mizani hiyo, wala pampu ya kutoa hewa kwenye mabomba. Wanaweka gesi huku wakigusa bomba kwa mkono, likipata ubaridi wanasema tayari. Wapo wanaojaza 134a kwenye friji la 600a, na wapo wanaotumia gesi ya kupikia. Friji linaganda wiki tatu, mota inakufa, na mtaa mzima unasema friji za mtumba hazifai. Hapa naam, mafunzo na vifaa vinahitajika, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana nafasi kubwa. Wameshaanza kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani. Mizani na pampu za kuazima kwenye kila chuo zingeleta mabadiliko ya haraka kuliko vyeti.

Kuna pia friji, maikrowevu na mashine za kufulia zinazoletwa na ndugu zetu kutoka Marekani na Japani. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa Japani 100, wetu ni 230. Ukichomeka bila transfoma, moshi. Ukiweka transfoma, bado: mota iliyotengenezwa kwa mapigo 60 kwa sekunde inapewa 50 yetu, inazunguka polepole na kupata joto. Ninawasihi walioko huko wasitumie pesa kusafirisha kitu chochote chenye mota au cha kupasha joto. Laptopu na chaji za simu hazina tabu hiyo, nyingi zinakubali volti 100 hadi 240. Soma maandishi madogo kwenye adapta. Vya Ulaya bara vinaoana na umeme wetu lakini plagi yake ni ya miguu miwili ya mviringo. Watu huikata na kuchomeka waya mtupu kwenye soketi kwa vijiti vya kiberiti, na ule wa ardhi unaachwa ukining'inia. Plagi ya pini tatu ni bei ndogo. Nunua.

Mipakani mambo yamechanganyika. Uganda ilitangaza kupiga marufuku vifaa vya umeme vilivyotumika mwaka 2009, kompyuta zikiwemo. Karibu dunia nzima iko chini ya Mkataba wa Basel wa 1989 unaodhibiti usafirishaji wa taka hatari, na kuanzia tarehe 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, haziruhusiwi kuvuka mpaka bila nchi inayopokea kukubali kwanza kwa maandishi. Ninaunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu Afrika imefanywa jalala kwa muda mrefu. Lakini swali gumu liko palepale: laptopu iliyotumika ni taka au ni mali? Jibu linategemea karatasi. Imejaribiwa? Inawaka? Imefungwa vizuri isivunjike njiani? Sheria za Ulaya zinamtaka msafirishaji athibitishe hayo. Mfanyabiashara mjanja anachanganya mia mbovu na ishirini nzima na kuandika "vifaa vilivyotumika". Msamaria anayetaka kutuma kumi nzima kwa shule anakata tamaa kwenye fomu ya kwanza. Hivyo ulinzi unamwangukia mwema kwanza, na mimi ningependa kuona njia fupi kwa shule na hospitali: orodha ya namba za mashine, picha ya kila moja ikiwa imewaka, na mtu wa kuwajibika akibainika amedanganya.

Na tusitazame nje tu. Ingia stoo ya ofisi yoyote kubwa ya umma. Kompyuta zimepangwa hadi darini, vumbi juu, na nyingi zilitoka mezani zikiwa zinafanya kazi. Mali ya serikali haitolewi hivi hivi; inakaguliwa, inaombewa kibali, inapigwa mnada, na kila hatua ina saini yake. Utaratibu huo unalinda mali ya umma dhidi ya wizi, jambo jema. Lakini kompyuta inayosubiri kibali miaka sita inatoka stoo ikiwa skrepa. Wapo pia wanaozuia kwa hofu ya siri zilizomo kwenye diski. Hofu ni halali na dawa yake ni rahisi: toa diski, iharibu, toa mashine. Diski mpya ndogo ya SSD ni bei ya kawaida na inaifanya kompyuta ya zamani iwake kwa sekunde chache.

Ripoti ya dunia ya taka za kielektroniki iliyotolewa mwaka 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Takwimu hizo hunukuliwa kila mahali, na mimi huzinukuu. Ila zinapima kwa uzito, na kwa mzani laptopu nzima iliyofungwa na paswadi ni sawa na iliyoungua. Kurejeleza pia kunahesabiwa ushindi hata pale ambapo kilichosagwa kilikuwa kinafanya kazi asubuhi ile. Ulaya, kifaa kikishaingia kwenye kontena la kukusanyia kinakuwa taka kisheria, na mara nyingi hata anayekiona kizima haruhusiwi kukitoa.

Kwa hiyo ninaomba wasomaji wangu mlioko Oman, Uingereza, Marekani na kwingineko, mnaojiandaa kutuma mzigo nyumbani. Simu: jitoe kwenye iCloud au akaunti ya Google kwanza, kisha ndipo uifute, ukifuta kwanza umeharibu. Laptopu ya kazini: usiichukue mpaka mtu wa kompyuta akuandikie kwamba ameiondoa kwenye mfumo na ametoa paswadi ya BIOS. Iwashe mbele yake, iunganishe na intaneti, hakikisha haionyeshi jina la kampuni. Weka chaji yake halisi kwenye boksi lile lile. Kama betri imevimba usiitume kabisa, hata kama mashine yenyewe ni nzima. Betri tutatafuta huku. Andika namba ya toleo kwenye karatasi na kuibandika nyuma, maana vibandiko vya kiwanda vinafutika na fundi anaihitaji kutafutia mchoro. Na kama kuna kitu hakifanyi kazi, kiandike wazi. "Sauti haitoki upande wa kushoto" ni maneno yanayomwokolea fundi nusu siku.